Simba Ndani ya Kopo la Ugoro

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mama mkwe wangu alinipa ugoro nami nikaunusa. Nataja saa kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kurekebisha saa yangu ya mkononi kwa kufuata redio, na kwa sababu tangu dakika hiyo hadi jioni sikuwa tena na pua ya kuaminika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Majengo, mjini Nyeri, katika ua wa wapangaji wengi. Siku za kazi nilikuwa karani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, nikipokea mizigo ya wakulima na kuitenga kwa madaraja. Siku za mapumziko nilitenga sarafu kuukuu kwa madaraja. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na ndururu, senti tano zilizotobolewa katikati, zile ambazo watu walikuwa wakiwapa watoto wachezee baada ya pesa mpya kuja. Nikanunua lenzi ya jicho kwa fundi wa saa, ile inayobanwa kati ya nyusi na shavu, nikajitungia jedwali la madaraja matano na bei zake. Mke wangu aliuita ugonjwa wa kukodolea macho vyuma.

Mama mkwe alikuwa ametoka kwao upande wa Kangema kwa basi la alfajiri. Kwa desturi yetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawatazamani usoni, na mama huyo haingii ovyo nyumbani kwa mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wetu, ametupa mgongo, na maneno yake yote yalinifikia kupitia kwa mke wangu, ingawa umbali kati yetu haukuzidi urefu wa kitanda na nilikuwa nikimsikia vizuri sana.

"Mpe baba watoto hii," alimwambia binti yake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkononi mlikuwa na kopo la ugoro, limefunguliwa.

Sikuwa nimewahi kunusa ugoro maishani. Lakini kama kuna jambo moja nililokuwa na hakika nalo ni kwamba kitu ulichopewa na mama mkwe hakikataliwi. Nikachota kwa vidole viwili, nikavuta kwa nguvu, kama nilivyowaona wazee wakifanya.

Sitaeleza kilichofuata ila kwa kifupi. Kofia yangu ilipatikana chini ya kitanda. Mpangaji wa chumba cha tatu alitoka akiuliza ni tairi ya gari la nani imepasuka.

"Amefanya nini?" mama mkwe aliuliza, bado ametazama uani.

"Amenusa," mke wangu akasema. Tayari alikuwa ameshika mwimo wa mlango ili asianguke kwa kicheko.

"Amenusa? Mimi nilisema anuse? Mwambie atie kidole ndani, atoe pesa."

Nikatia kidole. Chini kabisa, ndani ya ule unga wa hudhurungi, palikuwa na duara gumu. Nililitoa kwa kulishika ukingoni, kama inavyotakiwa, nikalipeleka dirishani. Ilikuwa florini. Wasomaji wengi hawaijui, nao hawana kosa, kwa sababu ilitumika muda mfupi sana kati ya rupia na shilingi. Upande mmoja pana mfalme wa Kiingereza mwenye taji, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Nilikuwa nimeisoma tu, sijawahi kuishika.

Mama mkwe alieleza shida yake kwa ufupi wa mtu aliyeifikiria njia nzima. Chama chao cha akina mama kilikuwa kikiezeka nyumba za wanachama mabati, moja baada ya nyingine. Zamu yake ilikuwa imefika. Kesho, Jumapili, baada ya ibada, alitakiwa kuweka mezani shilingi mia na themanini, bei ya mabati kumi na mawili, ndipo wenzake waongeze yaliyobaki. Mavuno ya chai yalikuwa mabaya na mkononi hakuwa na kitu. Asipoweka, zamu ingekwenda kwa jirani yake wa ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye tayari alikuwa akizunguka akiwaonyesha watu fito za kenchi ya paa lake jipya. Mama mkwe angerudi mwisho wa foleni, kwenye paa la nyasi lililokuwa likivuja juu ya mafiga, na mvua za masika zilikuwa karibu.

"Hiyo pesa marehemu baba yako alinipa nikiwa msichana," alisema. "Imekaa kwa ugoro miaka yote. Nimesikia baba watoto anajua bei ya vyuma. Basi ajue."

Nilimjua mnunuzi mmoja tu. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki, Mwislamu wa makamo, aliyependa fedha kuukuu kama alivyopenda madume ya ng'ombe, na kwa sababu zilezile. Sarafu ya daraja la kwanza aliilipa bila kunung'unika. Ya daraja la tatu aliilipa huku akikuhurumia. Lakini nilikuwa na kanuni, na sikuuza kitu kabla ya kukikagua kwa lenzi na kukiandikia daraja. Basi la kwenda Nanyuki lilikuwa linaondoka saa tano na nusu. Muda ulitosha.

Nikabana lenzi jichoni, nikainama.

Kwa jicho tupu ilikuwa nyeusi kidogo tu. Kwa lenzi nilipigwa na butwaa. Fedha ikikaa mahali pamoja miaka mingi huvaa utando wa rangi. Huanza na manjano ya chai hafifu, ukawa hudhurungi, kisha zambarau, na mwisho buluu kama shingo ya njiwa. Asiyejua huufuta akidhani ni uchafu, akaifanya sarafu ing'ae kama kijiko, na hapo ameiua. Anayejua huuacha, kwa sababu utando mzima ni ushahidi kwamba ngozi ya sarafu haijaguswa. Magadi yaliyo ndani ya ugoro yalikuwa yamefanya kazi polepole kwa miaka hiyo yote. Kando ya taji palikuwa na zambarau. Nyuma ya simba, milima ilikuwa ya buluu kama ile halisi ionekanavyo kutoka Nyeri asubuhi isiyo na mawingu.

Nilifika hapo nikapiga chafya.

Niligeuza uso upesi, na sarafu ilisalimika. Hili halikuwa jambo dogo. Tone la mate likikauka juu ya fedha huacha doa lisilotoka. Na lenzi ya fundi wa saa hailingani na miwani. Ili uone, pua lazima iwe karibu na kitu kwa upana wa vidole viwili. Katika kila mkunjo wa manyoya ya yule simba palikuwa na ugoro.

Kuupuliza singeweza, kwa sababu ya mate. Kuusugua kwa brashi ni mwiko, kwa sababu nywele za brashi huacha michirizi. Kuosha sitaki hata kutaja. Niliigonga sarafu ukingoni kwa ukucha. Ugoro kidogo ukadondoka, mwingine ukabaki umegandamana. Nikajaribu tena nimejifunga leso usoni, chafya ikanipata ndani ya leso. Nikajaribu nimebana pua kwa kibanio cha nguo. Kibanio kiliruka kikampiga mke wangu begani.

"Huyo mtu ako na homa?" sauti ya mama mkwe ikauliza nje.

"Ni ugoro yako, Mama. Kila akiangalia, anapiga."

"Ati ugoro? Ugoro inapiga mtu mzima chafya?" Akachota, akanusa pua zote mbili. Tukangoja. Hakuna kitu. Alikuwa amenusa tangu kabla ya mke wangu kuzaliwa, na pua yake ilikuwa imekwisha kata tamaa.

Nilimpa mke wangu lenzi. Alicheka kabla ya kuifikisha jichoni, na mtu anayecheka hutoa mate mengi kuliko apigaye chafya. Kwa hiyo uamuzi uliofuata niliufikia kwa njia ya kuondoa yasiyowezekana. Katika ua ule palikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kuinamia florini ile na kubaki mkavu. Tatizo ni kwamba alikuwa mama mkwe wangu, hangeingia chumbani, na mimi nisingeweza kusimama mbele yake kumwelekeza.

Tulifanya hivi. Yeye alibaki kwenye kigoda, ametazama jua. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na daftari. Mke wangu alisimama katikati, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

"Mwambie abane lenzi jichoni," nikasema.

"Mama, bana hiyo kitu kwa jicho."

"Nimebana. Mbona kumekuwa usiku?"

"Umefunga jicho yenye iko na kioo, Mama. Funga ile ingine."

Ikatoka sauti ya mshangao mkubwa. "Uuui! Kuna mzungu hapa!"

"Muulize kuhusu ndevu," nikasema. Mahali paliponyanyuka kwenye sarafu ndipo panapolika kwanza, na ndevu za mfalme ni mahali pazuri pa kuanzia. "Je, unaonekana unywele mmoja mmoja, au zimeshikana?"

"Anauliza ndevu ya huyo mzungu iko namna gani."

"Mwambie zimechanwa vizuri kuliko zake."

Niliandika: ndevu, safi.

"Muulize shavu. Limelika?"

"Amekonda kidogo. Lakini hiyo ni mwili yake tu. Anaangalia kando, hataki kuniona. Ni kama mkwe."

Mke wangu alilazimika kukaa chini. Niliandika: shavu, halijalika.

"Sasa ageuze, kwa ukingo. Simba. Bega la simba na nyonga."

"Simba amenona," mama mkwe akasema kwa heshima. "Hii ni simba ya mtu tajiri. Milima iko nyuma. Iko na rangi ya ile kitenge nilinunuliwa na binti yangu mkubwa. Haya, kuna ugoro kwa masikio. Kuna... ngoja."

Tukangoja.

"Kuna alama kwa tumbo. Ndefu. Kama amechapwa fimbo."

Kalamu yangu ilisimama. Mkwaruzo mmoja mrefu, mahali pa wazi kama tumbo la simba, huishusha sarafu kutoka daraja la kwanza hadi la tatu hata kama mengine yote ni safi. Kwenye jedwali langu hiyo ilikuwa tofauti kati ya shilingi mia mbili na arobaini na shilingi mia na kumi. Kwa maneno mengine, ilikuwa tofauti kati ya mabati kumi na mawili na nyasi.

"Muulize: akiiinamisha hivi na hivi, ile alama inang'aa?" Mkwaruzo hung'aa ukiinamishwa. Kitu kingine haking'ai.

"Mama, ukiinamisha, inang'aa?"

"Mwambie niko kwa jua. Kila kitu inang'aa. Hata yeye akitoka atang'aa."

Nilipaswa kusisitiza. Lakini kumhoji mama mkwe mara mbili juu ya jambo moja ni kama kumwambia amesema uongo, na sikuwa na ujasiri huo. Niliandika: mkwaruzo mmoja, mrefu, tumboni. Daraja la tatu. Nikaifunga florini kwa karatasi laini. Nilipomweleza mama mkwe, kupitia njia ya kawaida, kwamba huenda pesa zisitoshe, alisema tu kwamba naye anakuja Nanyuki. Florini haikuwahi kusafiri bila yeye.

Tulifika saa saba kasoro. Mfanyabiashara alikuwa sokoni, kando ya zizi, shuka begani, akiwatazama mbuzi kwa namna ya mtu aliyetukanwa. Wauzaji na wachuuzi wengine walikuwa wamemzunguka. Mama mkwe alisimama mbali na mimi kwa umbali wa adabu, akageukia mlima. Mke wangu akasimama katikati.

"Karibu, bwana wa madaraja," mfanyabiashara akanisalimu. "Leo umeniletea mfalme gani?"

Niliifungua karatasi. Aliishika florini ukingoni, akaipima uzito, akaigonga taratibu kwa ukucha, akanitazama. "Rangi nzuri. Wallahi, rangi nzuri. Ana kasoro gani?"

Sikupenda kuuza kwa uongo. Nikamwambia: mkwaruzo, tumboni, daraja la tatu. Aliinyoosha mbele ya jua, akauona ule mstari kwa jicho lake, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mzuri mwenye mguu mmoja mfupi.

Wafanyabiashara wa mifugo hawataji bei kwa mdomo. Mnunuzi na muuzaji hushikana mikono chini ya shuka na kuongea kwa vidole, wengine wasijue ng'ombe amekwenda kwa kiasi gani. Akatupa shuka juu ya mikono yetu. Kidole kizima kilikuwa kumi, kiganja chote mia. Alinibana kiganja tu. Nikambana kiganja na vidole vitatu. Akavikataa viwili. Nikakibana kile kimoja kilichobaki, yeye akatikisa mkono wangu mara moja, na mambo yakawa yamekwisha. Shilingi mia na kumi. Sikuthubutu kumtazama mke wangu.

Mfanyabiashara alitoa lenzi yake mfukoni, bora kuliko yangu, ili afurahie mali yake vizuri. Aliibana, akainama, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika.

Nilifungua mdomo kumwonya. Nilichelewa.

Alipiga chafya iliyowafanya mbuzi wote wasimame. Akasema, "Alhamdulillahi." Akapiga ya pili. "Alhamdulillahi." Ya tatu, ya nne, na kila moja alishukuru, huku machozi yakimtiririka na florini ameinyanyua juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mzigo. Zilipokwisha, alishika pindo la shuka ampanguse yule simba.

"Usisugue!" nilipiga kelele. Soko zima likageuka. "Gusisha tu! Gusisha!"

Aligusisha. Kisha akabana lenzi tena, akaiinamisha florini hivi na hivi.

"Bwana," akasema, "mkwaruzo umekwenda wapi?"

Nikachukua lenzi yake. Pua yangu wakati huo ilikuwa imechoka kupiga. Tumbo la simba lilikuwa safi kutoka kifuani hadi mkiani, na utando juu yake mzima kama maganda ya yai. Juu ya shuka, karibu na kidole changu, palikuwa na uzi mfupi wa hudhurungi. Ulikuwa mshipa wa jani la tumbaku.

"Daraja la kwanza," nikasema, maana sikuweza kusema vingine.

"Alhamdulillahi," akasema, safari hii bila chafya, akaanza kuitia florini mfukoni. "Mikono imekwisha shikana."

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, ikielekezwa kwa mlima. "We binti. Hebu muulize huyo mtu. Mkono yangu iliingia kwa hiyo shuka saa ngapi?"

Mfanyabiashara alinitazama. "Mali ni ya nani?"

"Ni ya mama," nikasema.

"Kwa hiyo si yako?"

"Si yangu."

Alitafakari. Alikuwa mtu wa haki katika biashara yake. "Basi mkono wako ulikuwa unanisalimia tu," akasema kwa huzuni, akairudisha florini juu ya karatasi. Akashika shuka, akamtazama mama mkwe, akaiacha. Mjane mwenye heshima zake asingetia mkono chini ya shuka moja na mwanamume asiyemjua, naye asingethubutu kumwomba. Bei ingebidi itajwe kwa mdomo. Niliona uso wake ukibadilika alipotambua hilo, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kufanya hivyo mbele ya wauzaji wake.

"Mama," akanong'ona, "mia na ishirini."

"Mia tatu!" mama mkwe akajibu, kwa sauti ya kuita mtu kutoka bonde la pili.

"Polepole, Mama. Watu wanasikia."

"Wasikie. Mimi siuzi kitu ya wizi."

"Mia na arobaini," kwa kunong'ona zaidi.

"Mia mbili na themanini! Kwa simba imenona hivi? Hiyo mbuzi yako ya mia na arobaini iko na milima nyuma?"

Wauzaji wa mbuzi walikuwa wamesogea. Mmoja alimuuliza mwenzake ni kitu gani hicho kidogo kinachouzwa bei ya fahali. Mwingine alisema kwa sauti kwamba ikiwa bwana huyu ana pesa za kuchezea namna hiyo, basi beberu wake wa asubuhi aliuzwa kwa bei ya kuonewa, na angependa warudie mazungumzo. Mfanyabiashara alianza kutokwa jasho.

"Mia na sitini na tano, Mama, na ushuke sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii. Sina ingine. Mia mbili na hamsini!"

Mwenye beberu akakaribia zaidi.

"Mia na themanini na tano!" mfanyabiashara akasema haraka. "Sasa hivi, mkononi, na uondoke nazo ukiwa umenyamaza."

Mama mkwe alinyamaza papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Alipokea noti kupitia kwa binti yake, akazihesabu akiwa ametutupia mgongo, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Jumapili baada ya ibada aliweka mia na themanini mezani, na jirani wa ng'ambo ya mto akalazimika kupiga makofi pamoja na wengine. Mvua za kwanza zilimkuta chini ya mabati kumi na mawili, akilalamika kwamba kelele zinamnyima usingizi. Kwa jedwali langu, florini ile ilistahili mia mbili na arobaini, kwa hiyo tulipoteza hamsini na tano. Nilimtuma mke wangu amweleze hivyo. Jibu lilirudi kwa njia ileile: yeye hajui jedwali, anajua tu baba watoto alikubali ngapi na yeye akapata ngapi. Hesabu hiyo aliitangaza katika chama chote, na kwa muda mrefu kila nilipokwenda Kangema akina mama walinipokea kwa heshima kubwa, wakageuza nyuso zao kando kama desturi inavyotaka, mabega yakiwatetemeka, na mmoja wao kila mara alikitaja, kama vile anajisemea tu, kiasi ambacho mama mkwe alikiokoa mikononi mwangu: shilingi sabini na tano.